Mtoto Anayecheza Anatafuta Wenzake



Wazazi wengi wa Beni wanatuletea ombi moja: tuombee kijana wetu atoke katika chumba cha PlayStation. Tutaomba. Lakini kwanza tuulize, mle ndani anatafuta nini?

Mji wetu unajua mauaji tangu Oktoba 2014. Ebola ikaja Agosti 2018, na mpaka Juni 2020 tulikatazwa hata kushikana mikono. Mei 2021 tukawekwa chini ya utawala wa kijeshi. Mtoto aliyezaliwa 2010 amekua akiambiwa: rudi mapema, usiende shambani, usimguse mtu. Katika chumba kile kuna benchi, kuna wenzake, kuna anayemwita kwa jina akifunga goli. Akishindwa leo, kesho anajaribu tena. Hiyo si dhambi. Hata Daudi alimhitaji Yonathani.

Tusikie na upande wa pili. Shirika la Afya Duniani limeweka kutawaliwa na michezo ya video katika orodha yake ya magonjwa, inayotumika tangu Januari 2022. Dalili ni tatu: mtu hawezi tena kujizuia, mchezo unatangulia mambo mengine yote, naye anaendelea ingawa unamharibu. Kwa kawaida hali hiyo huonekana kwa mwaka mzima ndipo iitwe ugonjwa. Basi anayecheza saa moja baada ya masomo si mgonjwa, wala hana pepo. Lakini anayeuza daftari apate ya kuchezea, asiyelala, asiyekula tena pamoja na ndugu zake, huyo amefungwa, anahitaji msaada. Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba mshindani hujizuia katika yote, na kwamba hata kilicho halali kisitutawale.

Wapendwa, tusimfuate kwa fimbo. Juma hili tufanye mambo matatu. Tuingie mle, tusalimie, tukae tumtazame akicheza, tujue majina ya wenzake. Tupatane naye saa ya kurudi nyumbani. Na Jumamosi, kwaya ikimaliza mazoezi, tuwafungulie vijana uwanja wa kanisa wacheze mpira, na sisi wazee tuwepo kuwashangilia.

Mtoto akitolewa kwenye benchi lile bila kupewa benchi lingine, atarudi kulekule.

Bwana awabariki. Amina.