Zoezi Lizaliwe na Kosa: Mazoezi ya Namba Nzima Darasa la I hadi la IV

Mada iliyowasilishwa katika semina ya walimu wa Hisabati



1. Utangulizi

Katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha nilimpa mwanafunzi wa Darasa la III maswali 20 ya kutoa. Akakosa yote. Nikampa mengine 20 akafanye nyumbani, nayo akayakosa. Siku nyingi baadaye ndipo nilipokaa na daftari lake na kulisoma. 52 − 27 aliandika 35. 81 − 46 aliandika 45. Mtoto yule hakuwa akibahatisha. Alikuwa na kanuni yake: tarakimu ndogo hutolewa kwenye kubwa, iwe ya juu au ya chini. Mimi, kwa maswali yangu 40, nilikuwa nimemsaidia kuizoea.

Tangu mwaka 2015 mtaala wa Darasa la I na la II umeweka mkazo kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Katika K hiyo ya tatu sote tunakubaliana kwamba mazoezi ni ya lazima. Ninacholeta mbele yenu leo ni hoja moja: wingi wa maswali haumsaidii mtoto mpaka mwalimu ajue mtoto anafikiri nini anapokosa. Tuanze kwa kusoma kosa, kisha kosa lituchagulie zoezi.

2. Makosa manne na mazoezi yake

*(a) Kuandika namba kama inavyotamkwa.* Mwambie mtoto aandike "mia tatu na tano". Wengi huandika 3005. Wamesikia mia tatu, wakaandika 300. Wamesikia tano, wakaongeza 5. Lugha yetu inatusaidia mahali fulani: "kumi na tatu" inataja kumi na inataja tatu, mtoto anasikia muundo wa namba waziwazi. Lakini ishirini, thelathini na arobaini, maneno yaliyotujia kutoka Kiarabu, yanaficha kumi zilizomo ndani yake. Kwa hiyo kila siku watoto waseme namba kwa njia mbili: "ishirini na tatu, makumi mawili na mamoja matatu". Kwa 305, kata kadi kutoka kwenye maboksi: kadi ndefu ya 300 na kadi fupi ya 5. Mtoto aiweke 5 juu ya sifuri ya mwisho ya 300. Ataona kwamba sifuri za 300 ni nafasi zinazosubiri makumi na mamoja.

*(b) Kutoa ndogo kwenye kubwa.* Hili ndilo kosa la mwanafunzi wangu. Neno letu "kukopa" nalo lina shida, kwa sababu mkopo hulipwa, na hapa hakuna kinacholipwa. Mtoto aliyetumwa dukani anaelewa zaidi habari ya chenji. Ana noti 5 za shilingi 1,000 na sarafu 2 za shilingi 100. Anatakiwa kulipa 2,700. Sarafu hazitoshi. Anaichenji noti moja apate sarafu 10. Sasa ana noti 4 na sarafu 12. Akitoa noti 2 na sarafu 7, anabaki na noti 2 na sarafu 5, yaani 2,500. Noti zikiwa makumi na sarafu zikiwa mamoja, hiyo ndiyo 52 − 27, na jibu ni 25. Noti za karatasi za kuchora na vizibo vya soda vinatosha. Afanye kwa mikono mara tano au sita kabla ya kurudi kwenye daftari.

*(c) Sifuri inayopotea.* 612 ÷ 6 mtoto anaandika 12. Sita kwa sita ni moja, moja kwa sita haigawanyiki anairuka, kumi na mbili kwa sita ni mbili. Zoezi la hapa ni makadirio, na lifanyike kabla ya kugawanya: 600 kwa 6 ni 100, basi jibu haliwezi kuwa chini ya 100. Baada ya kugawanya, azidishe kurudi nyuma: 12 × 6 ni 72, na 102 × 6 ni 612. Mtoto aliyezoea kukadiria na kuhakiki anajisahihisha mwenyewe hata mwalimu akiwa na madaftari 90 mezani.

*(d) MAGAZIJUTO.* Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Mpangilio huu umetusaidia miaka mingi, lakini una mtego. Mtoto anayeufuata neno kwa neno, kwenye 20 − 8 + 5 atajumlisha 8 na 5 kwanza apate 13, kisha atoe, apate 7. Jibu sahihi ni 17. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja. Hufanywa kwa kufuata mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Vivyo hivyo kuzidisha na kugawanya. Zoezi zuri ni hadithi: "Ndani ya daladala kulikuwa na abiria 20, wakashuka 8, wakapanda 5." Hakuna mtoto atakayewapandisha kabla ya wengine kushuka.

3. Jedwali la kuzidisha bila hofu

Jedwali la 1 hadi 10 lina mazao 100, na mtoto anayeliona ukutani huona mlima. Tumpunguzie mzigo huo. Kwa kuwa 3 × 7 ni sawa na 7 × 3, yanabaki 55. Tuondoe ya 1, 2, 5 na 10, ambayo watoto huyashika mapema: yanabaki 21. Ya 9 hupatikana kutoka kwenye 10, kwa mfano 9 × 7 ni 70 toa 7. Ukiyaondoa, yanabaki 15. Ya 4 ni mara mbili ya mara mbili: 4 × 7 ni 14 na 14. Yanabaki 10 tu, kati ya 3, 6, 7 na 8. Haya kumi ndiyo ya kukariri kwa bidii, mawili kila wiki, na katika wiki 5 yameisha. Kuimba jedwali kwa sauti kuna faida yake, lakini mtoto aulizwe pia bila mpangilio, asilazimike kuimba tangu mwanzo ili afike 7 × 8.

Pale penye bao, tulitumie. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kugawa kete mbili kila shimo na kuzisambaza moja moja ni kuhesabu, kuzidisha na kugawanya bila chaki.

4. Jinsi ya kulitekeleza katika darasa kubwa

Najua swali lililo mioyoni mwenu: nani atasoma makosa ya watoto 90? Napendekeza haya:

- Swali moja la mwisho wa kipindi. Kila mtoto ajibu kwenye kipande cha karatasi. Kwa 52 − 27, panga vipande kwa mafungu: waliopata 25, walioandika 35, ambao wanatoa ndogo kwenye kubwa, walioandika 79, ambao hawakusoma alama, na walioandika 24 au 26, ambao wamekosea kuhesabu tu. Kila fungu lina zoezi lake kesho.
- Maswali machache, yaliyochanganywa. Badala ya 20 ya aina moja, toa 9: sita ya leo, mawili ya wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 jinsi tunavyosahau haraka tusiporudia. Tena, aliyepewa 20 ya kutoa haangalii alama. Aliyechanganyiwa hulazimika kuangalia.
- Hesabu za kichwa dakika 10 kila asubuhi. Mtoto aeleze alivyopata jibu. 38 + 27: mmoja atasema 38 na 2 ni 40, na 25 ni 65, mwingine atajumlisha makumi kwanza. Njia zote zisikilizwe.
- Kosa lisipigwe. Mtoto anayeogopa fimbo hunakili jibu la jirani yake. Jibu litakuwa sahihi, na sisi tutakuwa tumepoteza kitu pekee ambacho kingetuonyesha anachofikiri.

5. Hitimisho

Ndugu walimu, mwanafunzi wangu alinieleza shida yake mara 40, kwa maandishi yake mwenyewe, nami sikuisoma. Ombi langu ni dogo. Kabla hatujaachana, kila mmoja aandike swali moja atakalowapa watoto wake Jumatatu, na chini yake aandike majibu yasiyo sahihi anayoyatarajia, pamoja na sababu ya kila moja. Tukikutana tena katika jumuiya zetu za kujifunza, tuje na vipande vya karatasi vya watoto, tuvipange mezani, tuvisome pamoja.