Istilahi na Mipaka ya Ushairi
Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hufundishwa kwanza vina, mizani, mshororo na ubeti. Vina ni silabi za sauti moja zinazotokea mwishoni mwa vipande vya mishororo. Mizani ni idadi ya silabi katika mshororo, aghalabu 16 katika tarbia. Kitabu cha K. Amri Abedi cha mwaka 1954 kiliziita kanuni hizo sheria. Diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ilipochapishwa mwaka 1974, mjadala ulipamba moto: je, utungo usiofuata arudhi ni shairi? Hapo ndipo uzito wa istilahi unapodhihirika. Istilahi inayoeleza umbo humfumbua msomaji macho. Ikigeuzwa hukumu, humfungia kitabu kabla hajakisoma.