Mwenye Kovu Usidhani Kapoa: Kuwarejesha Askari Walioumia Katika Maisha ya Kila Siku

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Shela, Kaunti ya Lamu, kuhusu huduma na utafiti wa utengamao



Shela ni mji unaojua vita. Mnamo mwaka 1812 hivi, watu wa Lamu walipambana kwenye ufuo huu na majeshi ya Pate na Wamazrui wa Mombasa, wakawashinda. Simulizi za vita hivyo huwataja walioshinda na waliokufa mchangani. Waliorudi nyumbani na mguu mmoja au bila macho hawatajwi. Walivyopata riziki miaka iliyofuata, na nani aliyewashika mkono hadi msikitini, hakuna anayesimulia.

Jambo hilo linaweza kujirudia. Mwezi Oktoba 2011 wanajeshi wa Kenya waliingia Somalia. Septemba 2015 operesheni ya Linda Boni ilianza katika kaunti hii hii. Mabomu ya kutegwa barabarani yameua na kujeruhi wanajeshi, polisi na raia. Wengi wanaojeruhiwa vitani ni vijana, na mbele yao ipo miaka thelathini au arobaini ya kuishi. Kidonda hufungwa kwa wiki au miezi, lakini ulemavu hubaki. Ndiyo maana wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Huduma ya kumsaidia mtu huyo arudie shughuli zake huitwa utengamao. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipitisha mfumo wa kuielewa hali ya ulemavu, na mfumo huo unafaa kueleweka hata na asiye daktari. Kwanza hutazamwa mwili. Pili hutazamwa yale ambayo mtu anaweza kuyafanya. Tatu hutazamwa ushiriki, yaani nafasi yake miongoni mwa watu. Yote matatu hupimwa pamoja na mazingira anamoishi.

Mfano ni askari aliyekatwa mguu chini ya goti. Kidonda kimekauka, kwa hiyo mwili unaendelea vizuri. Amepewa mguu wa bandia na anatembea hatua mia moja katika chumba cha mazoezi, kwa hiyo uwezo upo. Sasa aulizwe: anafika kwenye sala ya Ijumaa? Anapanda boti bila kubebwa? Anampeleka mwanawe shule? Anakaa barazani na wenzake jioni? Faili ya hospitali inaweza kuonyesha kwamba amepona, naye akawa hajavuka kizingiti cha nyumba yake mwezi mzima. Mara nyingi kinachomzuia kiko nje ya mwili wake: ni ngazi, ni mchanga, ni jinsi watu wanavyomtazama.

Utafiti wa mambo haya umesukumwa sana na askari wenyewe. Nchini Marekani, waliokatwa viungo katika Vita vya Pili vya Dunia walilalamikia ubovu wa miguu na mikono ya bandia waliyopewa, na mwaka 1945 ukaanza mpango wa serikali wa kuvifanyia utafiti viungo hivyo. Uingereza, Daktari Ludwig Guttmann alifungua kituo cha majeraha ya uti wa mgongo huko Stoke Mandeville mwaka 1944. Wakati ule aliyevunjika uti wa mgongo hakutarajiwa kuishi sana. Guttmann aliagiza wagonjwa wageuzwe kitandani kila baada ya saa chache ili wasipate vidonda vya kulalia, kisha akawapa kazi za mikono na michezo. Julai 1948 wanajeshi 16 walioumia, wanaume kwa wanawake, walishindana kulenga shabaha kwa upinde. Mashindano hayo ndiyo yaliyokua yakawa Michezo ya Paralimpiki, Roma mwaka 1960. Guttmann alionyesha kuwa kazi na michezo ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Fundisho lililo karibu zaidi na maisha ya Shela linatoka mji wa Jaipur, India. Mwishoni mwa miaka ya 1960, fundi Ram Chandra Sharma na daktari wa upasuaji P. K. Sethi waliona wagonjwa wakiiacha miguu ya bandia waliyopewa. Miguu ile ilikuwa imara, lakini ilitaka kuvaliwa viatu. Aliyeivaa hakuweza kuchuchumaa wala kukaa chini akakunja miguu, na shambani penye maji haikufaa. Wawili hao wakatengeneza mguu wa mpira unaokunjika, unaoweza kutembea peku na kuingia majini. Baadaye mguu huo uliwafaa watu wengi waliolipuliwa na mabomu ya ardhini katika nchi zenye vita.

Mkazi wa Shela anajua kwa nini jambo hilo ni muhimu. Hapa mtu huvua viatu mlangoni mwa msikiti, hutawadha, husujudu, hula amekaa mkekani, na huingia maji ya magoti ili apande dau. Mguu unaofaa kwenye lami ya Nairobi unaweza kumshinda mtu hapa siku ya kwanza.

Kiti cha magurudumu nacho ni hivyo hivyo. Kiti cha hospitali kina magurudumu mawili madogo mbele, na uzito ukiyalemea huzama mchangani kama mwiko kwenye uji. Viko viti vilivyobuniwa kwa ardhi mbaya, vyenye gurudumu moja pana lililosogezwa mbele sana, ili uzito ukae zaidi kwenye magurudumu makubwa ya nyuma. Lakini kiti kirefu cha namna hiyo huenda kisipinde kwenye kona ya kichochoro, hasa punda mwenye mzigo akitokea upande wa pili. Na hewa ya chumvi hula chuma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti vya magurudumu unasisitiza hayo: mtumiaji apimwe, kiti kilingane na mwili wake na mahali anapoishi, afundishwe kukitumia, na matengenezo yapatikane karibu. Kiti kinachogawiwa mbele ya kamera bila hatua hizo kinaweza kumletea mtu vidonda vya kukalia, na vidonda hivyo huua.

Kwa hiyo utafiti unaohitajika hapa ni wa kawaida kabisa, na sehemu kubwa yake inaweza kufanyika mtaani. Ni kupima njia ya mtu kutoka mlangoni kwake hadi msikitini, dukani na gatini. Ni kuipima maji yakijaa, wakati bahari inapoifunika sehemu ya njia ya ufuoni kwenda Lamu, na kuipima tena maji yakipwa, wakati boti inaposimama mbali. Ni kurudi baada ya miezi mitatu, kisha sita, kuuliza kama kifaa bado kinatumika au kimewekwa chini ya kitanda. Kipande cha mguu kilichobaki hupungua unene katika miezi ya kwanza, na mguu wa bandia uliomkaa mtu sawasawa huanza kumchubua. Akishindwa kupanda boti kwenda Hospitali ya King Fahd, umbali wa kilomita 3 hivi tu, mchubuko mdogo unaweza kumrudisha kwenye upasuaji.

Anayestahili kuulizwa kwanza ni mwenye ulemavu mwenyewe, kwa hiari yake, kabla ya ndugu zake na kabla ya mafundi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na aulizwe pia yasiyoonekana. Mlipuko unaweza kuharibu masikio na ubongo bila kuacha kovu. Aliyekuwa mcheshi akawa anashtuka mlango ukigongwa, halali usiku, anakwepa watu, huyo naye ameumia vitani na anahitaji matibabu. Kumwita mwoga au mwendawazimu ni kumjeruhi mara ya pili.

Haki zake zimeandikwa. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kiwango kinachofaa, kutumia usafiri wa umma, na kupata vifaa vya kumsaidia. Shela haina matatu. Usafiri wa umma hapa ni boti, na haki hiyo inaanzia gatini. Mwaka 2022 Kenya ilipata pia sheria maalumu ya wanajeshi wastaafu. Mahitaji yakiwa na vipimo na idadi, ni vigumu kuyapuuza bajeti inapojadiliwa katika mikutano ya umma.

Yapo yanayoweza kuanza kabla ya bajeti. Familia yenye mtu aliyeumia, awe mwanajeshi, polisi au raia, impeleke kupimwa na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Nahodha aweke ubao mpana wa kupandia, na aulize kabla ya kumbeba mtu. Mjenzi anayekarabati nyumba au msikiti aache nafasi ya mteremko pembeni mwa ngazi. Kijana mwenye futi ya kupimia na daftari ajitolee kupima njia za mtaa wake, matokeo yasomwe mbele ya waliopimiwa.

Na wanaokaa barazani wamwite apitapo, wamsogezee nafasi, wamtanie kama zamani. Hilo halihitaji fundi wala fedha, na bila hilo mguu mzuri kuliko yote hauna pa kumpeleka.