Ng'ombe Wasiorudi: Juu ya Hadithi za Vita kwa Watoto



Nimeombwa niseme juu ya vitabu vya hadithi kwa watoto wetu. Nachagua aina moja tu: hadithi za vijana na wanyama wakati wa vita. Mwaka 1982 Mwingereza Michael Morpurgo alitoa War Horse, kitabu cha farasi aliyeuzwa jeshini mwaka 1914, na cha kijana aliyempenda. Ni kitabu kizuri. Vita hivyo vilifika hata kwetu, lakini kitabu cha ndama wa Manyoni bado sijakiona.

Aprili 1916 Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini aliteka Kondoa, kwa jirani zetu, akiwa na askari wapanda farasi. Farasi wengi walikufa kwa maradhi, yakiwemo yale yaletwayo na mbung'o. Majeshi yalitaka nyama, nafaka na wapagazi. Wajerumani walichukua, Waingereza walipofika, nao wakachukua. Mvua zilipokosekana, Ugogo haukuwa na akiba. Njaa hiyo ya 1917 hadi 1920 Wagogo huiita Mtunya. Iliua watu wapatao 30,000 kati ya 150,000.

Sasa mfikirieni mtoto mchunga ng'ombe. Kwake ng'ombe si kilo za nyama. Anamjua kwa rangi na kwa mlio. Ndiye maziwa ya mdogo wake na mahari ya kaka yake, tena ndiye atakayebadilishwa kwa mtama mwaka wa ukame. Aliyemswaga ng'ombe huyo alichukua na chakula cha mwaka ambao haujafika. Jambo hili mtoto hulielewa upesi kuliko sisi tunaopenda semina.

Katika kitabu cha Morpurgo farasi hurudi nyumbani. Ng'ombe waliochinjwa kulisha majeshi hawakurudi, na mwandishi wetu asimdanganye mtoto. Wala asimfanye kila askari kuwa shetani: wengi walikuwa Waafrika, na baadhi yao walichunga mifugo utotoni.

Walioiona Mtunya wamekwisha kufariki. Wapo wajukuu waliosimuliwa. Naomba kila jumuiya iwatafute, iandike maneno yao katika daftari, kwanza kwa Kigogo, Kinyaturu au Kinyiramba kama walivyosikia, Kiswahili baadaye. Na kama jina la ng'ombe mmoja bado linakumbukwa, liandikwe nalo.