Tusiuze Mahindi kwa Kumwogopa Dumuzi

 

Leo tuzungumze juu ya umaskini unaoanzia ghalani. Kila mwaka tunavuna, tunapukuchua, halafu tunauza upesi kwa bei ya chini. Kwa nini? Tunamwogopa dumuzi. Tunasema, heri kuuza kuliko kubaki na vumbi. Ikifika miezi ya njaa, tunanunua mahindi yale yale kwa bei kubwa. Watu husema mkulima hana akiba. Akiba anayo, ila inaliwa na mdudu.

Dumuzi si mwenyeji wetu. Kwao ni Amerika ya Kati. Hapa Tanzania alijulikana kwanza Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wengine walimwita Skania. Kisha akaenea nchi nyingi za Afrika.

Lakini mdudu huyu lazima avute hewa kama sisi. Hapo ndipo tutakapomkamata. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Marekani na wa Kameruni walishirikiana na wakulima wa kunde wa Kameruni. Walitafuta njia rahisi ya kuhifadhi kunde bila dawa ya sumu. Ukapatikana mfuko wa tabaka tatu: nailoni nzito mbili ndani, na kiroba nje. Siku hizi unauzwa Tanzania pia, na mahindi yanakaa vizuri humo. Ukifungwa barabara, hewa mpya haiingii. Wadudu wanaimaliza ile ya ndani, wanaacha kula, mwisho wanakufa.

Tufanyeje basi?

1. Tukaushe mahindi sawasawa. Chukua chupa kavu ya kioo. Tia chumvi kavu kidogo na mahindi mpaka theluthi moja. Funga, tikisa, kisha ngoja dakika 15. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi yana unyevu. Yarudishwe juani.

2. Tukague nailoni. Ijaze hewa, ishike shingo, iminye. Ikivuja, ina tundu, haifai.

3. Tujaze nailoni ya ndani na kuitoa hewa. Sokota shingo, ikunje, ifunge kwa mpira wa baiskeli. Kisha funga ya pili vivyo hivyo, halafu kiroba.

4. Tuweke mfuko juu ya chaga, mbali na ukuta na panya. Tusiufungue ovyo, maana hewa itaingia.

Mtasema, mfuko huu ni ghali kuliko gunia la kawaida. Kweli. Lakini usipotoboka unatumika zaidi ya msimu mmoja. Tena hatulazimiki kununua kila mtu wake leo. Watu 10 wachange fedha za mfuko mmoja, na kila mmoja alete nusu debe. Hayo ni madebe 5. Manne yaingie kwenye mfuko, moja kwenye gunia la kawaida bila dawa. Tuandike tarehe daftarini. Baada ya miezi 6 tufungue yote mawili mbele ya watu, tupime, tuandike tena.

Hapo hakuna wa kutudanganya. Tutaona kwa macho yetu, na tutasoma tulichoandika kwa mikono yetu. Kisha kila nyumba itaamua: iuze lini, na ibakize kiasi gani cha kula.