Shule ya Kwanza ya Serikali ya Waalimu Wanawake katika Marekani



Jioni hii twapenda kuwaeleza habari za shule moja iliyofunguliwa kwa wanafunzi watatu tu, wote wasichana. Siku ilikuwa tarehe 3 Julai, 1839. Mahali ni mji mdogo wa Lexington, katika jimbo la Massachusetts, Marekani.

Zamani zile watoto wa vijijini katika jimbo hilo walifundishwa na watu ambao wenyewe hawakufundishwa kazi hiyo. Wakati wa baridi aliajiriwa kijana mwanamume, na wakati wa kiangazi msichana, naye alilipwa mshahara mdogo kuliko wa mwanamume. Fimbo ndiyo iliyokuwa msaidizi wao mkubwa.

Bwana Horace Mann, Katibu wa Halmashauri ya Elimu ya Massachusetts tangu mwaka 1837, aliona kwamba shule haiwezi kuwa bora kuliko mwalimu wake. Mwaka 1838 tajiri mmoja, Edmund Dwight, akatoa dola 10,000 kwa sharti kwamba serikali nayo itoe kiasi hicho hicho. Serikali ikakubali. Ndipo ilipofunguliwa shule ya Lexington, na mkuu wake akawa Bwana Cyrus Peirce.

Je, walifundishwa nini? Kwanza, yale masomo ambayo wao watakwenda kuwafundisha watoto: kusoma, kuandika, hesabu, sarufi na jiografia. Wala hawakuyapita upesi kwa kudhani wameyajua tangu utotoni, kwani kujua jambo ni kitu kimoja, na kujua sababu yake hata uweze kumweleza mtoto ni kitu kingine. Kisha waliongezewa aljebra, jometri, elimu ya mwili wa binadamu, maarifa ya vitu vya asili, kuimba, kuchora, na mwenendo mwema.

Lakini kiini cha mafundisho yao kilikuwa kazi yenyewe ya ualimu. Mwaka ule ule wa 1839 ilifunguliwa shule ya mazoezi ya watoto wadogo. Wasichana wakaingia humo kufundisha, na Bwana Peirce akawatazama, kisha akawaonyesha makosa yao. Mara nyingine alifundisha mwenyewe, nao wakatazama. Katika shule hiyo mtoto hakupigwa, wala hakushindanishwa na mwenziwe.

Hata hivyo hawakukosa wapinzani. Mwaka 1840 wako wajumbe wa baraza la jimbo waliotaka kuzivunja shule za ualimu. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu aliyekwisha kufundishwa aweza kufundisha, basi ya nini kutumia fedha? Baraza lilipopiga kura, hoja hiyo ilishindwa. Twadhani kila mtu aliyewahi kukaa mbele ya mwalimu mwenye elimu nyingi asiyeweza kuieleza atafahamu kwa nini ilistahili kushindwa.

Yako matunda mawili ya shule hiyo ambayo hatuna budi kuyataja. Mary Swift, mmoja wa wanafunzi wa kwanza, alikwenda Boston akamfundisha Laura Bridgman, msichana asiyeona wala kusikia. Naye Mary Miles, mwanamke mweusi, alihitimu Lexington mwaka 1843, wakati ambapo katika majimbo ya kusini ya Marekani watu weusi wengi walikuwa wangali watumwa. Baadaye alihamia Kanada, akawafundisha watoto wa wale waliokimbia utumwa.

Shule yenyewe ilihamishwa mwaka 1844 hata West Newton, na mwaka 1853 hata Framingham, ambako leo ni chuo kikuu.

Basi, ninyi wazazi mnaomwuliza mwalimu, "Umesoma hata wapi?", mwulizeni na neno la pili: "Umejifunza kufundisha?" Na ninyi wasichana mlio shuleni, kumbukeni wale watatu wa Lexington. Uchache wao haukuwazuia kuanza.