Mpaka wa Sifuri: Utabiri wa Muda Mfupi wa Majira ya Baridi nchini Marekani

Utabiri wa muda mfupi ni ule unaohusu saa chache zijazo hadi siku 2 au 3, tofauti na utabiri wa msimu, ambao hueleza mwelekeo wa miezi bila kutaja siku. Mada hii inauchunguza utabiri wa muda mfupi katika majira ya baridi ya Marekani, yaani Desemba hadi Februari, majira ambayo hayafai kuitwa kipupwe, kwani kipupwe cha mwambao wa Afrika Mashariki huja katikati ya mwaka na hakigandishi maji mtungini. Inadaiwa hapa kwamba ugumu wa utabiri huo hautokani sana na swali la iwapo dhoruba itakuja, kwa kuwa modeli za kompyuta huiona mara nyingi siku kadhaa kabla, bali hutokana na swali la kitakachoanguka itakapofika.

Jibu la swali hilo huamuliwa na tabaka za hewa. Theluji inayoanza juu mawinguni ikipita katika tabaka lenye joto lililozidi nyuzi sifuri za Selsiasi huyeyuka na kuwa mvua. Ikiwa chini yake kuna tabaka nene la baridi, matone huganda tena na kufika yakiwa chembe za barafu zinazodunda, lakini tabaka hilo likiwa jembamba, matone hufika yangali maji na kuganda papo hapo juu ya barabara, matawi na nyaya. Hii ya mwisho ndiyo mvua inayoganda, nayo ndiyo ya kuogopwa zaidi, ingawa kwa macho haitishi kama theluji. Tofauti ya nyuzi 1 au 2 tu yatosha kubadili hali moja kuwa nyingine, ilhali maputo yanayobeba vipimo hadi angani kwa kawaida hurushwa mara 2 tu kwa siku, na vituo vyake vimeachana kwa mamia ya kilomita.

Ukubwa wa nchi nao huleta utata wake. Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ina ofisi 122 za utabiri, na kipimo cha kutoa onyo hakilingani kila mahali, jambo ambalo ni la busara: mwishoni mwa Januari 2014 theluji isiyofika hata sentimita 8 iliwakwamisha maelfu ya madereva barabarani Atlanta, mji usioizoea, ilhali kaskazini kiasi hicho ni cha kawaida. Huko kaskazini, hewa kavu ya baridi kutoka Kanada ikivuka Ziwa Erie kabla halijaganda huchota joto na mvuke, kisha humwaga theluji katika ukanda mwembamba. Novemba 2022, hata kabla ya majira yenyewe kuanza, Orchard Park, kusini mwa jiji la Buffalo lililo kando ya ziwa hilo, ilipata takribani mita 2, ilhali maeneo yasiyo mbali nayo yalipata kidogo sana. Ramani ya taifa zima yenye rangi moja juu ya jimbo zima, basi, humdanganya msomaji hata pale utabiri wenyewe unapokuwa sahihi.

Suala hili linawagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja, wakiwemo Wakongomani wengi waliopewa makazi Kentucky, jimbo ambalo Januari 2009 mvua inayoganda ilikata umeme katika mamia ya maelfu ya nyumba. Anayewatangazia habari za hali ya hewa akiita kila kinachoanguka "theluji" huwaficha hatari iliyo kubwa kuliko zote. Wanaombwa watafsiri na watangazaji waanze na jambo moja dogo: waseme "mvua inayoganda", kisha wataje saa inayotarajiwa kuanza.